Siku Elfu Tatu Bila Ajali

Ukiitafuta Jamhuri ya Tumeridhia kwenye ramani hutaiona, na wenyewe wanasema ni heri, kwa sababu ramani huleta wageni wenye maswali. Ni nchi ndogo yenye wimbo wa taifa mrefu, mawaziri arobaini na saba, na kiwanda kimoja cha magari. Magari yenyewe yanaitwa Madaha. Milango yake ya nyuma haifunguki kwa ndani, lakini hilo lilishatolewa maelezo bungeni: aliyebahatika kupanda Madaha hana sababu ya kutaka kushuka.

Getini pa kiwanda hicho palisimama ubao mkubwa wa chuma, wa kijani, wenye maandishi meupe: KIWANDA HIKI KIMETIMIZA SIKU, halafu nafasi, halafu BILA AJALI. Kwenye ile nafasi palikuwa na kulabu nne za kutundikia tarakimu, kila tarakimu kibao chake cha chuma. Kila asubuhi saa moja kasorobo mtu alipanda ngazi akaongeza siku moja. Wafanyakazi wengi waliukuta ubao ukihesabu, na hawakuwahi kuuona ukirudi nyuma hata hatua moja.

Usije ukadhani watu wa Tumeridhia hawakatwi vidole. Wanakatwa vizuri tu. Ila kila zilipotimia siku mia bila ajali, kiwanda kilipika pilau. Pilau la nyama ya ng'ombe, soda mbili baridi kwa kila mfanyakazi, na sahani nyingine ya kufunika na kupeleka nyumbani. Ajali ikiandikwa ubao unarudi sifuri, na pilau linasogea mbele siku mia nzima. Kwa hiyo mtu akipoteza kidole siku ya tisini na nne, wenzake walimzunguka, wakamfunga kitambaa, wakampitisha mlango wa nyuma na kumbembeleza: “Vumilia ndugu yetu, zimebaki siku sita tu.” Ukipita kiwandani wakati wa mapumziko ungekuta watu wazima wamesimama juani, mikono mifukoni, ukadhani wanasikia baridi.

Hamduni Mkwaya, fundi wa milango, alilila pilau hilo miaka saba. Siku ya 1,897 yeye mwenyewe alimshika kwapani mwenzake aliyekatwa vidole viwili na kumpitisha mlango wa nyuma. Siku tatu baadaye alirudia sahani mara mbili.

*

Siku ya 2,614.

Hamduni alikuwa kwenye presi namba saba, mashine inayokandamiza bati mpaka liwe mlango wa gari. Walioiunda walikuwa watu waangalifu. Waliiwekea vitufe viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, na presi haishuki mpaka vyote vibonyezwe kwa pamoja, ili wakati chuma kinashuka mikono yako yote miwili iwe mbali nacho. Jambo ambalo hawakulijua, kwa kuwa walikuwa wageni, ni kwamba Tumeridhia ilijiwekea lengo la milango mia mbili na arobaini kwa zamu, na anayebonyeza vitufe vyote viwili hutoa tisini.

Tatizo hilo lilitatuliwa na msimamizi wa zamu, Bwana Kilatu, kwa kisu na tyubu kuukuu ya baiskeli. Aliikata vipande vipande, na kila asubuhi akagawa kipande kimoja kwa kila presi kama mwalimu anayegawa chaki. Mpira ulifungwa kwenye kitufe cha kulia, kikabaki kimebonyea siku nzima. Mkono wa kushoto ukabonyeza, mkono wa kulia ukaweka bati na kutoa mlango. Mpira huo waliuita Msaidizi. Bwana Kilatu alipata nishani kwa ubunifu, ingawa nishani haikutaja ni ubunifu gani.

Saa nane na dakika kumi mchana, kwenye mlango wa mia na sitini na tatu, bati lilikaa upande. Hamduni alinyoosha mkono wa kulia kulirekebisha. Mkono wa kushoto, uliokwisha kuzoea mwendo wake, ukabonyeza.

Alichokiona kwanza baada ya hapo ni Bwana Kilatu akija mbio na kisu. Hamduni alidhani anakuja kumchania shati afunge jeraha, akamsogezea. Bwana Kilatu akampita, akakata ule mpira kwenye kitufe, akautia mfukoni, akafuta kitufe kwa leso, na hapo ndipo akapaza sauti: “Jamani, mwenzenu ana tatizo!”

Sanduku la huduma ya kwanza lilivunjwa kufuli. Ndani mlikuwa na picha ya Rais na risiti ya kununulia sanduku. Wenzake wakavua mashati, wakamfunga, wakamzunguka. Na mmoja wao, mtu mwema kabisa, akamwambia sikioni, “Vumilia, Hamduni. Zimebaki themanini na sita.” Wakampitisha mlango wa nyuma.

*

Siku ya 2,655 alitoka hospitali akiwa na mkono mmoja na barua mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya daktari. Ilisema kwamba mfupa uliobaki umeanza kuharibika, kwamba unahitaji upasuaji wa pili kabla mwaka haujaisha, na usipofanyika itabidi kukata tena, safari hii juu ya kiwiko. Gharama hulipwa na Mfuko wa Fidia kwa mgonjwa atakayeleta karatasi yenye maneno mawili: Aliumia kazini.

Ya pili ilikuwa ya kiwanda. Ilieleza masikitiko ya uongozi kwa hali yake ya kutokuwa na mkono, ikamjulisha kwamba atakatwa mshahara kwa ajili ya mlango mmoja wa nyuma, upande wa kushoto, uliochafuliwa, na kwa huruma ikampa kazi nyepesi. Kuanzia siku hiyo alikuwa Afisa Ubao.

Mkewe, Sikudhani, aliisoma barua hiyo mara mbili akiwa amesimama mlangoni.

“Baba Tausi,” alisema, “si ndiyo kazi ya kupanda ngazi kila asubuhi kutangaza kwamba hukuumia?”

“Tutakula nini nikiikataa, Mama Tausi?”

Sikudhani alikasirika mpaka akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi. Kesho yake Hamduni alivaa mfuko wa tarakimu shingoni, akapanda ngazi kwa mkono mmoja na kifua, akatoa tano, akatundika sita. KIWANDA HIKI KIMETIMIZA SIKU 2,656 BILA AJALI. Aliposhuka, mlinzi wa geti alimpigia saluti.

*

Siku ya 2,790 Baraza la Fidia lilisikiliza shauri lake.

Baraza hilo lilikaa juu ya jumba lenye ngazi sabini na mbili zisizo na kishikio. Ngazi hizo zilikuwa sehemu ya utaratibu. Mwombaji aliyeweza kuzipanda alihesabiwa kuwa mzima, na asiyeweza alihesabiwa kuwa hakufika. Katika miaka kumi na minane Baraza halikuwahi kulipa hata mtu mmoja, na kila mwaka lilipewa tuzo ya kutunza mfuko.

“Inua mkono wa kulia uape,” alisema karani.

Hamduni aliinua alichokuwa nacho. Karani akakitazama.

“Nimesema mkono.”

“Ndiyo huu.”

“Sasa mbona unaishia hapo?”

“Ndicho kilichonileta, mzee.”

Karani alifunua kitabu cha kanuni, akafuata mistari kwa kidole, akatikisa kichwa. “Wa kushoto hatuapishii hapa.” Akaandika, akisoma kwa sauti: “Mlalamikaji amekataa kuapa.”

Wakili wa kiwanda hakuleta shahidi. Alileta picha mbili za ubao: moja ya siku ya 2,614, nyingine ya siku iliyofuata, na iliyofuata ilikuwa 2,615. “Waheshimiwa,” alisema, “kama pangekuwa na ajali, ubao ungesema.” Kisha akakaa, akanywa maji.

Mwenyekiti wa Baraza, Mheshimiwa Kasanda, mtu mnene mwenye sauti nzuri, aliondoa miwani. Alipoiondoa waandishi wa habari walijua anakuja na jambo la kihistoria.

“Katika maisha yangu ya sheria,” alisema, “nimewaona mashahidi wa kila namna. Wapo wanaolia. Wapo wanaosahau. Wapo wanaoomba nauli ya kurudia kabla hawajasema neno. Leo nimemwona shahidi asiyekunywa pombe, asiye na shemeji, asiye na chama, anayesimama getini juani na mvuani akisema jambo moja tu kila siku. Nani kati yetu ana ujasiri wa kumwita ubao mwongo?”

Hakuna aliyekuwa nao.

“Basi Baraza linaamua hivi. Kilichotundikwa ubaoni ndicho kilichotokea. Kisichotundikwa hakikutokea. Na uamuzi huu utawafunga wote, wakubwa kwa wadogo, mimi mwenyewe nikiwamo.”

“Mheshimiwa,” Hamduni alisema, “na mkono wangu?”

Mwenyekiti alipekua jalada kwa upole. “Baraza halijaletewa ushahidi wowote kwamba ulikuwa nao.”

Alishuka zile ngazi sabini na mbili akiwa na nakala ya hukumu, yenye mhuri, aliyoilipia. Alipofika chini alikaa. Alitaka kulia, lakini kilichotoka kilikuwa kicheko kibaya kilichomtisha hata yeye. Sikudhani alimfuta kamasi kwa ncha ya khanga, akaikunja ile hukumu, akaitia kwenye mfuko wa shati la mumewe. “Itunze,” alisema. “Watu wanaojisifu kiasi hiki lazima kuna mahali wamejifunga wenyewe.”

*

Presi namba saba haikukaa bure. Alipewa Zawena Chitete, mama wa watoto watatu, mwepesi wa mikono, na Bwana Kilatu akampa Msaidizi wake kila asubuhi. Wiki ya kwanza Hamduni alimfuata mapumzikoni.

“Dada Zawena, fungua huo mpira. Tumia vitufe vyote viwili.”

“Nitatoa tisini, kaka Hamduni. Ukitoa tisini unafukuzwa jioni ileile. Wewe hukuufungua miaka saba, mimi ndiyo niufungue leo?”

Hamduni alirudi kwenye ngazi yake.

Siku ya 2,998, saa tisa alasiri, mitambo ilinyamaza. Bwana Kilatu alionekana akikimbia na kisu. Hamduni, aliyekuwa akisugua kutu kwenye kulabu, alishuka na kukimbia hadi nyuma ya jengo, na pale mlangoni akakutana na watu wanne wamemshika Zawena kwapani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeviringishwa aproni, na aproni ilikuwa imelowa. Hakuwa akilia. Mmoja wa wale wanne alikuwa akimwambia, “Vumilia dada, ni keshokutwa tu, na safari hii anakuja Waziri.”

Walimkuta Hamduni amesimama katikati ya mlango.

“Tupishe, Hamduni.”

Akawapisha. Ndivyo alivyofanya, na wala simtetei. Asubuhi iliyofuata alipanda ngazi, akatoa nane, akatundika tisa. 2,999. Akashuka, akampita mlinzi aliyempigia saluti bila kumtazama.

Nyumbani hakula. “Vidole vinne, Mama Tausi,” alisema. “Na mimi ndiye niliyepanda nikasema havikukatwa. Si Kilatu. Ni mimi.” Mkewe hakumfariji. Aliinyoosha mikunjo ya ile hukumu kwa kiganja, akaisoma tena polepole, na alipofika kwenye maneno “mimi mwenyewe nikiwamo” akainua macho. Wakatazamana.

*

Siku ya 3,000 Tumeridhia ilifunga shule.

Maturubai yalipigwa mbele ya geti. Sufuria kumi na mbili za pilau zilikuwa motoni tangu alfajiri. Bendi ya polisi ilipiga wimbo wa taifa mpaka ubeti wa kumi na nne. Waziri wa Usalama Kazini, Mheshimiwa Pongwe, aliwekewa kiti cha enzi chini kabisa ya ubao, ili kwenye picha namba 3,000 ionekane imekaa juu ya kichwa chake. Kulia kwake alikaa Mwenyekiti Kasanda, na nyuma yao Bwana Kilatu na nishani yake. Wafanyakazi mia nne na kumi na mbili walipangwa mistari, mikono mifukoni. Zawena alikuwepo. Aliambiwa kwamba asiyefika atahesabiwa ameacha kazi.

Waziri alihutubia. Alisema mataifa makubwa yanakuja kujifunza Tumeridhia namna ya kutoumia. Alisema ajali ni tabia, na tabia ya uzalendo haipatani nayo. “Nawatazama hapa,” alisema kwa uchungu wa furaha, “sioni hata kidole kimoja kilichokatwa!” Alisema kweli, kwa kuwa mikono yote ilikuwa mifukoni, na vidole vilivyokatwa havikuwa popote.

Ngoma zikalia. Hamduni akapanda.

Kutoka 2,999 hadi 3,000 ni lazima ubadilishe vibao vyote vinne. Alianzia kulia. Akatoa tisa, akatundika sifuri. Akatoa tisa, akatundika sifuri. Akatoa tisa, akatundika sifuri. Meza kuu ikaanza kupiga makofi. Akatoa ile mbili, akaitia mfukoni. Akaingiza mkono tena, akatoa tatu, akaitazama.

Akaiachia.

Hakumlenga mtu, maana aliye juu ya ngazi na mkono mmoja hawezi kushika tarakimu mbili. Akachukua sifuri ya nne na kuitundika mahali pake. Chini yake pakasikika yowe, kwani tatu ilikuwa ya chuma, na ilikuwa imetua kwenye kiatu cha Mheshimiwa Waziri.

KIWANDA HIKI KIMETIMIZA SIKU 0000 BILA AJALI.

Bendi ilinyamaza chombo kimoja kimoja. Bwana Kilatu alikimbilia ngazi. “We Hamduni! Una wazimu? Rudisha tatu!”

“Ubao umeshasema, Bosi.”

“Umesema nini? Hakuna ajali hapa!”

Hamduni alijishikiza ngazi kwa kifua, akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati. Hakupaza sauti, lakini kipaza sauti cha Waziri kilikuwa bado wazi, na kilikuwa karibu.

“Kilichotundikwa ubaoni ndicho kilichotokea,” alisoma. “Kisichotundikwa hakikutokea. Na uamuzi huu utawafunga wote, wakubwa kwa wadogo, mimi mwenyewe nikiwamo. Imesainiwa, Kasanda. Mheshimiwa, ni maneno yako au si yako?”

Mwenyekiti aliondoa miwani, akaivaa tena.

Kisha Hamduni akawageukia wenzake, na hapo hasira aliyoimeza siku mia tatu themanini na sita ikamtoka. “Kila sahani niliyokula hapa ilikuwa na kidole cha mtu! Nilijua, nikala, nikaomba niongezwe! Nani mwingine alikula? Hebu toeni hiyo mikono tuione!”

Zawena ndiye aliyetangulia. Alitoa mkono wake mfukoni na kuuinua, bandeji ikiwa bado na damu. Akafuata mtu wa mstari wa pili. Akafuata yule aliyekatwa vidole viwili siku ya 1,897. Wakafuata wengine, hapa kiganja chenye vidole vitatu, pale chenye kimoja, pale kifundo kitupu, mpaka waandishi wa habari wakateremsha kamera zao kwa kutojua sheria inaruhusu nini. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, pilau la kiwanda liliungua.

*

Serikali ya Tumeridhia haikukosa la kufanya. Baraza la Fidia lilikaa palepale chini ya turubai, dakika kumi na moja. Likakubali, kama lilivyofungwa na hukumu yake, kwamba siku hiyo ilitokea ajali. Likakubali kwamba ilitokea kiwandani, saa za kazi. Likaangalia majeruhi ni nani, likamwona: Mheshimiwa Waziri, ukucha wa kidole gumba cha mguu. Akaandikiwa Aliumia kazini kabla wino wa mhuri haujakauka, na jioni hiyo alikuwa ndani ya ndege kwenda kutibiwa ughaibuni. Ndiye mtu wa kwanza kulipwa fidia katika historia ya nchi, na redio ililisifu Baraza kwa moyo wake wa huruma.

Hamduni alifungwa siku kumi kwa kosa la kuangusha tarakimu ya taifa.

Alipotoka, Sikudhani alikuwa akimsubiri nje ya gereza na chai kwenye chupa. Alimtazama mkono kwanza. Ulikuwa umevimba, lakini kiwiko kilikuwa bado kizima.

“Bado kuna siku kumi kabla mwaka wa daktari haujaisha,” alisema. “Twende.”

“Wapi?”

“Ubao bado ni sifuri, Baba Tausi. Wametafuta Afisa Ubao siku kumi. Mia nne na kumi na mbili, hakuna hata mmoja aliyekubali kupanda. Kilatu mwenyewe alipanda ngazi tatu, watu wakasimama chini wakimtazama tu, akashuka.”

Ubao ukiwa sifuri, ajali imetokea leo. Kesho ukiwa sifuri, imetokea tena, na kila ajali Baraza lazima litafute majeruhi wake. Ndivyo ilivyokuwa sheria ya nchi, na walioitunga walikuwa wamekataza isikatiwe rufaa.

Kwenye zile ngazi sabini na mbili walikuta watu kutoka chini hadi juu. Zawena alikuwa mlangoni, wa kwanza, na alimshikia Hamduni nafasi. Wakaingia pamoja, wote walioweza kuenea, na wengine wakabaki wamebanana mlangoni.

Karani alikuwa yuleyule. Aliinua kitabu mbele ya uso wake kama mtu anayejikinga jua.

“Inueni mkono wa kulia muape.”

Wakainua. Karani aliteremsha kitabu, akawatazama mmoja mmoja, mstari hadi mstari, na kalamu yake ikabaki hewani juu ya karatasi.

“Sasa hapa,” alisema, “hapa niandike nini?”

“Andika unachokiona,” alisema Hamduni, na hakuna aliyeshusha mkono.